Kutundika boti ndogo juu kwenye gereji ya nyumbani: anza na ukuta, boti baadaye

Ukiwa na boti ndogo na unakaa Kampala, Entebbe au Jinja, kuinunua ndio ilikuwa kazi rahisi, shida ni iende wapi siku ambazo haimo majini. Ukiiacha ufukweni jua linaila, mvua inaijaza maji, na mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda tuliona maji yakifika mahali ambapo hakuna aliyeyategemea. Halafu kuna wale wa kuiazima usiku bila kukuuliza, mtu anaenda nayo kutega nyavu haramu za macho madogo, na tangu jeshi liingie kwenye doria za uvuvi 2017 hutaki boti yako ikutwe huko. Kwa hiyo inaletwa nyumbani, na nyumbani gereji tayari ina gari, jenereta, magunia mawili ya mkaa na baiskeli za watoto. Nafasi iliyobaki ni ya juu tu.

Sasa video nyingi utakazoona za hii kazi zimetengenezwa kwa nyumba za Marekani, ambako dari la gereji lina mbao nene zimepangwa kila sentimita 40 hivi, mtu anatafuta mbao, anatoboa, anakaza ndoano, kazi imekwisha. Nyumba zetu hazijengwi hivyo. Sisi tuna ukuta mzito wa matofali ya kuchoma na juu yake paa jepesi la mabati kwenye kenchi za mkaratusi au paini, yaani nguvu yetu iko ukutani na udhaifu wetu uko juu, kinyume kabisa na wao. Ukiiga video yao neno kwa neno utakuwa umening'iniza boti kwenye kitu dhaifu kuliko vyote ndani ya gereji, na chini yake umeegesha gari.

Kwanza pima uzito, usikisie. Dingi ya Laser, zile boti ndogo za tanga moja, tumbo lake pekee ni kilo 59 na urefu mita 4.2 na kitu. Optimist ya watoto ni kilo 35, urefu mita 2.3. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja iko kilo 20 kwenda juu kidogo. Hizo zote zinatundikika. Boti ya mbao iliyopigwa na fundi wa ufukweni ni habari nyingine, hata ya mita 3 inaweza kupita kilo 100 bila wewe kujua kwa sababu mbao imekunywa maji, na mtumbwi wa Ssese, ule mrefu wa mbao wa wavuvi, usiufikirie kabisa. Kama huna karatasi ya kiwandani chukua mizani ya bafuni, weka omo (ncha ya mbele) juu ya mizani na tezi (ncha ya nyuma) juu ya stuli ya kimo kilekile, soma, kisha hamisha mizani upande wa pili huku boti ikikalia sehemu zilezile, soma tena, jumlisha. Huo ndio uzito wako. Hakikisha umetoa maji yote kwanza, lita 10 zilizojificha ndani ni kilo 10. Halafu kila chuma, mkanda na kamba utakayonunua iwe inaweza kubeba mara tano ya mzigo utakaoangukia sehemu yake, sio kwa sababu boti itaongezeka uzito, ni kwa sababu siku moja itayumba, kamba itakuwa imezeeka na mtu atakuwa ameivuta kwa nguvu.

Baada ya hapo ndio uangalie juu. Kama unaona kenchi moja kwa moja bila silingi, panda ngazi na bisibisi uchome chome zile mbao, hasa pale zinapogusa ukuta. Bisibisi ikizama kama kwenye keki, mchwa walishamaliza, na hapo suala la boti liweke kando uite fundi wa paa. Hata zikiwa nzima kumbuka zilipigiwa hesabu ya kubeba mabati na silingi, basi. Ile mbao ya chini inayolala kutoka ukuta hadi ukuta watu ndio wanaitamani kwa sababu iko karibu, lakini ukiivuta kwenda chini katikati yake inapinda, misumari inaachia, na paa lote linafuata. Kama ni lazima utumie kenchi, iwe ni kayaki nyepesi tu, na ulaze mbao ya 4 kwa 2 juu ya kenchi tatu au nne, karibu na pale vijiti vya mshazari vinapokutana na mbao ya chini, utundike kwenye hiyo mbao badala ya kenchi moja. Zaidi ya kilo 25 mimi sishauri.

Zile mbao ndogo zinazoshikilia silingi ya jipsamu au softibodi ndio usiziguse kabisa. Fundi wa mtaani atakuambia "bosi hakuna shida, hii itashika", na kweli itashika mpaka jioni.

Wenye nyumba ya ghorofa, gereji ikiwa chini ya slabu, mnafikiri mmepona. Slabu nyingi hapa Uganda zimemwagwa na maxpan ndani, zile tofali kubwa za udongo zenye matundu wanazotengeneza Kajjansi, na ukishapiga plasta chini huwezi kujua wapi ni maxpan na wapi ni zege. Ukipiga bolti ya kutanuka kwenye maxpan inavunja ule udongo mwembamba na inaning'inia kwenye plasta, unaikaza unaona imekaza vizuri, kumbe haijashika kitu. Njia ya kujua ni rahisi. Gonga na mpini wa nyundo usikilize, panapolia utupu ni maxpan, panapolia kizito ni mbavu ya zege katikati ya maxpan mbili. Halafu hakikisha kwa tundu dogo la biti ya milimita 6 na uangalie unga unaotoka: ukianza mweupe wa plasta kisha ukawa mwekundu, umeingia udongo, ziba utafute pengine. Ukiwa wa kijivu na drili inalia na kusogea polepole, hapo ni zege, hapo ndio pa bolti. Tundu likishachimbwa lipulize vumbi lote kabla ya kuingiza bolti, bolti ndani ya vumbi haishiki. Ukigonga chuma ghafla acha, hiyo ni nondo, sogea sentimita chache, usilazimishe.

Kwa gereji ya kawaida ya mabati, ambayo ndio ya wengi, mimi naona njia ni moja ya maana, nayo ni kusahau paa kabisa na kupitisha vyuma viwili kutoka ukuta hadi ukuta, boti ikaning'inia kwenye vyuma kwa mikanda. Tofali linavumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa. Bolti ikivutwa kutoka kwenye tofali letu laini inatoka na kipande cha tofali, lakini chuma kikilala juu ya tofali, kilo 30 kila upande ni mzigo mdogo sana kwake, linabeba paa zima kila siku na halilalamiki.

Gereji ya gari moja mara nyingi ina upana wa ndani unaokaribia mita 3. Nunua skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, na nasisitiza unene kwa sababu dukani watakupa ya milimita 1.5 ambayo kwa macho ni ileile na bei inavutia. Ile nene ikibeba nusu ya Laser katikati inapinda milimita tano sita hivi, huioni. Nyembamba inapinda mara mbili ya hapo, na kutu ikiingia ndani haina nyama ya kuliwa. Enda na kipimo chako na kalipa, pima mdomo wa paipu mwenyewe hapo Katwe, kwa wauza vyuma wa Kampala, kabla hawajakata. Paipu inakuja na urefu wa mita 6 hivi, kwa hiyo kama unataka vyuma viingie ndani ya ukuta pande zote mbili utahitaji paipu mbili, vipande vinavyobaki utapata kazi yake.

Kuingiza chuma kirefu kuliko chumba ndani ya kuta mbili watu hushangaa inafanyikaje. Unatoboa shimo la kina cha sentimita 10 upande mmoja, na upande wa pili unatoboa la sentimita 20, mashimo yote kwenye kimo kimoja, na lile la 20 liwe kubwa kuliko chuma ili kiingie kikiwa kimeinama, hakikisha na mpira wa maji kwamba yako usawa. Unaingiza chuma kwanza kwenye shimo refu hadi mwisho, unakinyanyua kikae mbele ya shimo fupi, unakirudisha nyuma mpaka kila upande umeingia kama 10. Kabla ya kuziba weka chini yake kipande cha bati nene au zege dogo uzito usikae kwenye ncha ya tofali moja. Ziba kwa saruji moja kwa mchanga tatu, mwagia maji asubuhi na jioni, na uache wiki nzima kabla ya kuning'iniza kitu. Acha walau kozi mbili za matofali juu ya shimo, usitoboe pale juu kabisa ambapo mbao ya kenchi imelala. Kama ukuta ni ule mwembamba wa tofali la kusimamishwa, shimo la 20 litatokea kwa jirani, hapo muulize fundi wa kuchomelea akutengenezee vikombe vya chuma vyenye sahani, bolti zipite ukuta mzima na sahani nyingine iwe nje. Inaonekana mbaya lakini inashika.

Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuingiza, hasa zile ncha. Baada ya kuziba huzifikii tena.

Umbali kati ya chuma na chuma unategemea boti. Kanuni ninayotumia ni kwamba mikanda ikae karibu robo ya urefu kutoka kila ncha, kwa hiyo boti ya mita 4 mikanda yake iko umbali wa mita 2 hadi 2.4. Ukiisogeza mwishoni sana tumbo linalegea katikati, ukiisogeza katikati sana inakuwa mzani, ukigusa omo tezi inapanda. Boti zilizo na kuta za ndani zipange mikanda chini ya hizo kuta, hapo ndipo pagumu. Na usining'inize kayaki kwa vile vishikio vya mbele na nyuma, ni vya kubebea dakika tano, sio vya kulalia miezi mitatu.

Plastiki inataka uangalizi wake. Gereji ya mabati bila silingi saa nane mchana ni joto la kukaangia, na plastiki ikipata joto inalainika, mkanda mwembamba unaacha bonde kwenye tumbo. Mkanda uwe wa sentimita 5, usikazwe, na kayaki ilale kwa ubavu au ipinduliwe, sio ikalie tumbo. Acha nafasi ya sentimita 30 au zaidi kati yake na mabati. Fibaglasi haiogopi sana joto lakini inaogopa maji yaliyokwama, kwa hiyo toa kizibo cha nyuma uiache wazi muda wote ikiwa juu, hewa ipite. Dingi mimi napenda iwe imepinduliwa, kingo chini tumbo juu, vumbi na kinyesi cha popo vinaangukia tumboni na unafuta kwa kitambaa. Mlingoti, foromali (mti wa tanga), usukani na ubao wa katikati vyote vitolewe, vipangwe ukutani.

Mikanda ya lori yenye racheti ndio rafiki yako hapa, ile ya sentimita 5, ina lebo inayosema uzito na mishono ya kiwandani. Soko la Kisekka, lile la vipuri vya magari Kampala, utapata mikanda ya viti vya magari yaliyochinjwa kwa bei ya soda, ni imara kweli, ila tatizo ni kuiunga. Fundi viatu ataishona na itaonekana nzuri, lakini mshono wa fundi viatu juu ya kioo cha gari yangu hapana. Itumie kuzungushia vyuma ili mkanda wa kweli usisuguane na ncha za paipu. Iliyopauka na jua au yenye manyoya kwenye kingo itupe.

Twende kwenye kapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba ya kuinulia. Kwa kayaki ya kilo 20 sioni haja yake, mko wawili mnainua omo mnaipitisha kwenye kitanzi cha mkanda, mnarudi mnainua tezi, kitanzi cha pili, mmemaliza kabla chai haijapoa. Kapi ni za dingi, au za mtu anayefanya peke yake. Kila upande weka kapi mbili za magurudumu mawili mawili, moja imefungwa kwenye chuma juu, nyingine imeshika mkanda wa boti, kamba ikipita mara nne. Nusu ya Laser ni kilo 30, kugawa kwa nne unavuta kama 8, na msuguano ukiongeza ni 10 hivi kila kamba, 20 ukivuta zote mbili pamoja, mama mzima anaweza. Gharama yake ni urefu: kuinua mita 2 unavuta mita 8 za kamba kila upande, ukiongeza ile iliyomo ndani ya kapi tangu boti ikiwa chini na ya kufika ukutani, nunua mita 20 kila upande usije ukaunga.

Kamba iwe ya poliesta, milimita 8 au 10. Nailoni inavutika kama ina akili yake, unaifunga jioni asubuhi boti imeshuka. Ile ya bluu ya plastiki inayouzwa kila duka ni rahisi lakini inateleza kwenye fundo na jua likiipiga inapukutika. Ya katani inaoza, usiilete. Gurudumu la kapi liwe na kipenyo cha kutosha, sentimita 4 au 5, na mfereji wake ukubali unene wa kamba, kamba ikipanda kwenye ukingo wa gurudumu inajikata yenyewe kidogo kidogo na huoni mpaka siku yake. Kapi za kuning'iniza nguo zimejaa soko la Nakasero, ni nzuri, lakini kwa nguo.

Kamba zote mbili zilete kwenye ukuta mmoja, uzivute pamoja boti ipande usawa, na zifungwe kwenye chuma cha masikio mawili kimo cha kichwa cha mtu mzima. Watoto wakiona kamba wanaivuta, hiyo haina mjadala.

Halafu hii ndio sehemu watu huiruka. Kapi ni ya kupandishia tu. Boti ikifika juu, pitisha mikanda mingine miwili chini ya tumbo na juu ya chuma, kaza kiasi, kisha legeza kamba za kapi mpaka uzito wote ukae kwenye mikanda. Hapo hata panya akila kamba, na panya watakula, hakuna kitu kinachoanguka. Winchi ya umeme sijaipa nafasi hapa kwa makusudi, umeme ukikatika boti iko katikati ya hewa na wewe una safari, na nyingi zake zimeandikwa kabisa zisiachwe na mzigo ukining'inia.

Siku ya kupandisha mara ya kwanza, toa gari nje, tandika godoro kuukuu chini, pandisha boti sentimita 30 tu kutoka sakafuni, iache nusu saa huku unatazama vyuma, mashimo ya ukutani na mafundo. Itikise. Ikiwa saruji haijapasuka na hakuna kilichosogea endelea. Mtu asipite chini yake wakati inapanda au kushuka, hata yule anayesema anashikilia isiyumbe, ashike kutoka pembeni kwa kamba.

Kimo nimekiacha mwisho lakini kipige hesabu kabla ya kutoboa. Mfano: chini ya chuma ni mita 2.75, boti iliyopinduliwa na mikanda inachukua sentimita 55 hivi, inabaki 2.20. Noah ina kimo kama 1.85, unabakiwa na 35, sawa kabisa, ila weka keria juu yake na nafasi inakwisha, na usisahau buti la nyuma linapofunguka linapanda juu kuliko paa la gari. Gari ndogo kama Premio hata huwazi. Milango yetu ya chuma inayofunguka nje pande mbili inatusaidia sana, wenye milango ya kupanda juu wapime mlango ukiwa umefunguka.

Kila mara kabla ya kushusha, gonga tumbo na fimbo ndefu usikilize. Nyigu wanapenda kujenga ndani ya dingi iliyopinduliwa, na kushusha boti yenye nyigu ukiwa umeshika kamba mbili ni jambo ambalo hata adui sitamtakia. Chandarua kikuukuu kilichofungwa kwenye kingo kinawazuia wao na wale vidudu vya ziwani vya Entebbe vinavyoingia kwa mamilioni na kufia ndani, harufu yake unaijua.

Mashine, yaani injini ya boti, isipande na boti. Ya farasi 15 ina kilo 35 na zaidi, peke yake inaharibu hesabu yote ya hapo juu, na ukiiacha tezi boti inalalia upande mmoja. Itundike wima kwenye stendi ya mbao chini, maji yote yakiwa yametoka. Tangi la petroli nalo lisikae gerejini, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na jenereta au jiko la mkaa, liweke kwenye kibanda cha nje chenye hewa, mbali na jiko.